Vifuko vya Karanga za Sukari

Mdogo wangu alipokuwa karibu kuolewa alitoa sharti moja tu, nalo halikuhusu mahari wala gauni. Alitaka kila mgeni atakayekuja kwenye harusi yake aondoke na zawadi ndogo mkononi, na zawadi hiyo isiwe kitu chochote kati ya vile tunavyopewa siku ya mgao.

Mtu ambaye hajaishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale anaweza kuliona sharti hilo jepesi. Mimi nilikuwa na kibanda cha kuuza dagaa na viungo pale kijijini Kashojwa, na bei za vitu nilizijua kichwani. Niliketi nikalitafakari, nikaona mtoto huyu ametufungia njia zote. Sabuni tunapewa. Chumvi tunapewa. Mafuta, maharagwe, unga, hata vikombe vya plastiki, vyote viliwahi kupita mikononi mwetu pale Base Camp, penye mgao. Kila kitu cha bei nafuu ambacho mtu angeweza kumpa mgeni bila kufilisika, sisi tulikuwa tumekwisha kukipangia mstari.

"Sasa unataka tubapatie nini?" nikamuuliza. "Upepo?"

"Yaya, utafikiri."

Yaya kwetu ni dada mkubwa. Kazi ya dada mkubwa ni kufikiri juu ya mambo ambayo wadogo zake wameyaanzisha halafu wameyaacha katikati ya nyumba.

Ilikuwa mwaka wa 2010. Tulikuwa tumefika Uganda zaidi ya miaka kumi nyuma, kutoka upande wa Uvira, Kivu Kusini. Baba alifariki tungali wageni kambini, kabla hata paa letu halijaacha kuvuja. Tukabaki mama, mimi, huyu mdogo wangu, na wadogo zetu wawili wa kiume. Kwamba mdogo ananitangulia kuolewa, majirani walilizungumza sana, wengine mbele ya kibanda changu huku wakichagua dagaa. Niliwauzia kama kawaida, ila kipimo chao sikukijaza mpaka juu.

Bwana harusi alikuwa Mnyankore, mwenyeji wa Uganda, fundi wa magari wa mjini Mbarara. Alikuja kwetu kutengeneza lori lililoharibika karibu na kanisa, na lori lile likachukua siku nyingi kupona kuliko ugonjwa wake ulivyostahili. Baba yake alikuwa sajenti katika kambi ya jeshi, na mama yake alikuwa na shamba la ndizi na ng'ombe wawili kule Kakiika. Watu wema. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani nawasengenya.

Tatizo lilikuwa wema wenyewe. Mara ya kwanza mdogo wangu kwenda Kakiika nilimsindikiza. Mama wa kijana alitupokea kwa mikono miwili, akatuletea maziwa, akamkalisha mdogo wangu kwenye kiti chenye mto. Kulikuwa na mkaza mwana mwingine pale, mke wa kaka mkubwa. Huyo alitumwa maji, akatumwa kuni, akagombezwa kwa sababu ya sufuria iliyoungua. Mdogo wangu aliposimama kwenda kumsaidia kuosha vyombo, yule mama akamshika bega akamrudisha kitini.

"Hapana, mgeni. Wewe kaa. Mgeni hawezi osha sahani."

Tulikwenda mara ya pili, akamwita mgeni. Tulikwenda mara ya tatu, siku hiyo mahari ilikuwa imekwisha kupokelewa, na bado alimwita mgeni. "Mgeni yetu amekula?" alimuuliza mwanawe, wakati mdogo wangu yuko pale pale na mdomo wake wa kujibu anao.

Tuliporudi siku hiyo, mdogo wangu alilia tangu tulipopita Kaberebere mpaka nyumbani. Nikamuuliza analia nini, mbona hakutukanwa. Akasema afadhali angetukanwa. "Ule mwingine anamugombeza kama mutoto wake," alisema. "Miye ananiangalia kama mutu wa kupita. Nitazeeka kwake nikiwa mugeni."

Basi hapo ndipo lile sharti lilipotoka. Kwa fikira zake, yule mama hawezi kumwona kama binti wa nyumba ya watu kwa sababu sisi kwake si nyumba, ni watu wanaopewa. Siku moja tu akija kwetu, akala kwetu, akatoka na kitu chetu mkononi, ataona. Mimi nilimwambia wazi kwamba huo ni upuuzi, moyo wa mama mkwe haununuliwi kwa zawadi ya mkononi. Lakini nilimpenda mdogo wangu kuliko nilivyokuwa tayari kukiri, na nikaanza kutafuta.

Mawazo hayakukosekana. Katika harusi kila mtu ni mshauri. Mama mmoja wa kwaya alipendekeza leso ndogo za mkononi, na mama yangu akakataa hata kabla sentensi haijaisha, kwa sababu kwao leso ni ya kufutia machozi na haitolewi harusini. Mwingine akasema viberiti, tuvifunge utepe. Vya bei rahisi ni kweli, lakini nilijua kanisa letu la maturubai na watoto wake, nikaona moto kabla ya kuona utepe. Jirani yetu Mrundi akasema kalamu. Wadogo zangu wa kiume walitaka soda, chupa nzima kwa kila mtu, nao wakaombwa watoke nje.

Tukaenda Mbarara, mimi na bibi harusi. Karibu na soko kulikuwa na duka la vitu vya harusi, taa zikiwaka mchana, na muuzaji wa kike aliyetupima kwa macho kuanzia viatuni. Alituonyesha bilauri zilizoandikwa majina ya maharusi kwa dhahabu, vishikio vya funguo vyenye moyo, vifuko vya wavu vyenye peremende tatu tatu. Mdogo wangu aliishika bilauri kwa vidole viwili kama yai.

Mimi nilimuuliza muuzaji swali moja. "Dada, mgeni akifika nyumbani, bilauri hii anaifanyia nini?"

"Anaweka kabatini. Ukumbusho."

Nani Kashojwa alikuwa na kabati? Na hata huyo mwenye kabati, anywee maji jina la mume wa mtu? Sijawahi kubadili mawazo yangu juu ya hilo mpaka leo, na nimehudhuria harusi nyingi. Kitu cha kumpa mgeni kiwe cha kuliwa au cha kutumika, na kisikalie sehemu kubwa kuliko kiganja. Majina ya maharusi tuyaache kwenye kadi. Bei nayo aliyotutajia ilimaliza mazungumzo, tukashukuru tukatoka, mdogo wangu amenuna mpaka mashavu yamevimba.

Tulipita kwenye baraza la washonaji. Pale mashine hulia kutwa nzima, na chini ya kila meza huwa kuna gunia la vipande vya kitenge vilivyobaki, vyekundu, vya bluu, vya njano yenye ndege, vipande visivyotosha hata kofia ya mtoto. Nilimuuliza fundi mmoja anavipeleka wapi. Akasema anajazia mito, na vingine anawashia moto. Nikamwambia asiwashe, nitavishonea vifuko. Tuliondoka na magunia mawili, kwa bei ya kumwondolea takataka, na mdogo wangu akaniuliza kwa sauti ya kuogopa kama nimeshikwa na wazimu.

Wazo la ndani ya vifuko lililetwa na mama. Aliona tumemwaga vile vipande sakafuni, akachukua kimoja chenye ndege, akakikunja mara mbili mpaka kikawa kama mfuko. Kisha akatuambia kwamba alipokuwa msichana kule Uvira alikwenda kwenye harusi ya karani mmoja wa forodha, na kila mgeni alipewa kifuko cha drajee. Drajee ni lozi zilizovikwa sukari ngumu, nyeupe na za waridi. Alikula mbili, akazifunga zilizobaki kwenye ncha ya kitenge chake kumpelekea mama yake, na njiani mvua ikanyesha, akafika na kitenge kitamu.

"Lozi tutazitoa wapi, mama?" nikasema.

"Karanga je, ina kosa gani?"

Karanga haikuwa na kosa. Haikuwa kwenye mgao. Ilikuwa inalimwa pale pale, na mimi nilijua wanawake watatu wa kuniuzia kwa bei ya rafiki. Mdogo wangu alifikiria, akatafuta ubaya wake, akaukosa. Ndipo kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akacheka.

Kuvika karanga sukari kunahitaji subira, na mimi subira sikuumbiwa. Unaweka karanga, sukari na maji kidogo kwenye kikaango, unakoroga. Maji yanakauka, sukari inageuka mchanga, na mtu asiyejua anadhani ameharibu. Ukiendelea kukoroga, ule mchanga unayeyuka tena na kuzishika karanga moja moja. Ukizidisha pumzi moja tu, unapata tofali jeusi. Mimi nilitengeneza matofali kadhaa. Wadogo zangu waliyavunja kwa jiwe wakayala wakasema ni matamu, kwa hiyo sina hakika kama hiyo ilikuwa hasara. Mwishowe mama alininyang'anya mwiko, akanipa sindano.

Vifuko tulishona kila jioni kabla jua halijazama. Vya kwanza vilikuwa vidogo mno, vidole haviingii, ungelazimika kuzimimina karanga mdomoni kama dawa. Tukaongeza. Tukavitia kamba ya kuvuta juu, ndefu ya kutosha kuvaa shingoni, kwa sababu siku hizo kila mtu alikuwa na simu ndogo na hakuwa na pa kuiweka akiwa shambani. Hilo lilikuwa wazo langu, najisifu. Mtu atakula karanga, karanga zitakwisha, na kifuko kitabaki na kazi. Majirani walikuja kutazama wakabaki kushona. Kila mmoja aliharibu vyake viwili vitatu na kula karanga za vitano, na nyumba yetu ikawa na rangi kama duka la vitenge. Mama alishona kuliko sisi wote na hakutaka kuambiwa vimetosha. "Batu ba kwetu bako mingi," alisema kila tulipomzuia. "Shona tu."

Wazee wa pande zote mbili waliafikiana kwamba harusi ifanyike kwetu, kwa kuwa Wanyankore nao humtoa binti nyumbani kwao. Wageni wa bwana harusi walikuja na basi dogo la kukodi, wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mama yake alishuka akiwa amevaa gomesi la zambarau, lile vazi refu la Uganda la kufungwa mkanda, akalipangusa, akatazama kanisa letu, akatabasamu kwa heshima. Sajenti alivaa suti ya kiraia lakini alitembea kama mtu aliye kwenye gwaride. Tuliwaweka meza ya mbele, kivulini. Ibada ilikwenda vizuri, chakula kilitosha, keki ilikatwa ikapita. Mdogo wangu alikuwa mzuri mno. Nilikaa nyuma yake kama msimamizi, namfuta jasho, na kila mara aliniuliza bila kugeuza kichwa kama mama mkwe amekula.

"Amekula."

"Mingi?"

"Yaya wako si askari wa sahani, tulia."

Mpango wa zawadi tuliupanga vizuri. Wasichana wa kwaya wangechukua vifuko kwenye nyungo zilizopambwa, wapite meza kwa meza wakiimba, wampe kila mgeni chake kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo. Tulikuwa tumefanya mazoezi. Mdogo wangu alikuwa amewafundisha hata namna ya kutabasamu.

Lakini kila harusi ya Wakongomani ina watu wa protokole, wale wanaopokea wageni na kulinda utaratibu, na mkuu wa protokole yetu alikuwa shemasi mmoja mrefu, mwaminifu, asiyeruhusu mchezo. Siku za mgao, shemasi huyo huyo ndiye ambaye watu wa Kashojwa walimchagua asimamie mstari wao. Alipoona nyungo zinatolewa, akaona pia watoto wote wa kijiji wamejaa mlangoni na kwenye matundu ya turubai. Akaona fujo inakuja. Akafanya alichojua kufanya. Alitoa filimbi mfukoni, akaipuliza.

"Banamuke huku! Banaume huku! Mustari!"

Na watu wakasimama. Hakuna aliyeuliza. Wazee, mama wa kwaya, mchungaji mwenyewe, wote waliinuka na mavazi yao ya harusi wakajipanga, mmoja nyuma ya mwingine, wakiacha nafasi ya hatua kati yao jinsi tulivyozoea. Jambo la aibu zaidi ni kwamba hata mimi nilikuwa nimekwisha kusimama. Miguu iliisikia filimbi kabla kichwa hakijaisikia.

Shemasi akachukua nyungo kutoka kwa wasichana, akaziweka mezani mbele yake. Kisha, ili mtu asipokee mara mbili, akamtuma mtu ofisini kuleta wino wa muhuri wa kanisa. Kila aliyefika mbele alichovya kidole kidogo kwenye wino, na shemasi akamuuliza swali ambalo tumeulizwa tangu siku tuliyovuka mpaka.

"Muko bangapi mu nyumba?"

"Tuko sita."

Akahesabu vifuko sita.

Nilikwenda mbio kumshika mkono. Nikamwambia kwamba hii ni harusi, kila mtu ni kimoja, na wageni hawachovyi wino. Alinitazama kwa huruma kama mtu mzima anavyomtazama mlevi. "Na batoto benye babaki nyumbani?" akaniuliza. "Bo batakula nini?" Watu wa nyuma wakaanza kuniambia nisiuzuie mstari.

Nilirudi mbele. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa na machozi yanapita katikati ya poda.

"Yaya," alisema, "bamefanya mugao mu harusi yangu."

Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Niliwakasirikia shemasi na filimbi yake, na watu wangu waliosimama bila hata kunong'ona, na nchi zote mbili, tuliyotoka na tuliyofikia. Wiki zile zote za kushona, karanga zilizoungua, vile vidole vyetu vilivyotobolewa na sindano, tulifanya ili siku moja tusiwe watu wa mstari. Na sasa tulikuwa tumewaandalia mstari wageni wetu wenyewe, wakautazame vizuri kutoka meza ya mbele.

Sajenti ndiye alikuwa wa kwanza kuinuka katika meza ile. Aliwaambia wanawe, "Mstari ni mstari, hakuna mkubwa," akaenda kusimama mkiani kwa wanaume, mikono nyuma, akaanza kuzungumza na mzee wa mbele yake kama wanaojuana. Hapo nilikumbuka kwamba kwenye kambi ya jeshi nako askari hupanga mstari kupokea posho yao, na roho yangu ikatulia kidogo upande wa baba. Upande wa mama haikutulia. Yeye alibaki kaketi, mkoba wake magotini, akiutazama ule mstari wa wanawake tangu mwanzo mpaka mwisho. Sikuweza kusoma uso wake. Mdogo wangu alikuwa amenishika kiganja akinibana mpaka pete mpya ikaniumiza.

Kisha yule mama akasimama, akavuta mkanda wa gomesi lake, akaenda kujipanga.

Walimwambia apite mbele, akakataa kwa mkono. Alisogea hatua kwa hatua kama wengine. Mama yangu, aliyekuwa mkiani, alimpisha nafasi moja tu, akawa nyuma yake; filimbi ilipolia naye aliinuka kama watu wote, akasahau kwamba vile vifuko amevishona yeye. Walikuwa hawaongei. Mmoja hakujua Kinyankore, mwingine hakujua Kifuliiru, lugha yetu, na Kiswahili chao hakikufanana.

Alipofika mbele, alitazama ile pedi ya wino, akachovya kidole bila kuambiwa. Shemasi hakubadili sauti kwa sababu ya gomesi.

"Muko bangapi mu nyumba?"

Yule mama hakushangaa. Mke wa askari anajua swali hilo, na anajua kwamba asiyehesabiwa hapewi. Alianza kuhesabu kwa vidole, polepole, kwa Kiswahili chake cha kambi ya jeshi, na sisi pale mbele tulisikia yote.

"Mzee. Mimi. Vijana tatu. Bibi ya ule mkubwa. Mtoto yake." Halafu akanyanyua kidevu kuelekea tulipokuwa tumeketi. "Na ule."

"Ule nani?" shemasi akauliza.

"Ule kule mbele, analia. Ule ni ya kwangu. Hesabu yeye pia. Sisi iko nane."

Shemasi akahesabu nane, kwa sauti, mpaka cha mwisho. Yule mama akavitia kwenye mkoba wake wote, akaufunga, akaondoka mezani.

Pembeni yangu mdogo wangu aliachia kiganja changu. Alijifunika uso kwa shela, na mabega yakawa yanatikisika. Bwana harusi akaniuliza kwa hofu kama anaumwa. Nikamwambia hapana, mwache, hilo ni jambo lake na mama yako. Mimi mwenyewe nilitaka kucheka na nilitaka kumkumbatia shemasi, na nilikuwa bado natamani kumnyang'anya ile filimbi na kuitupa katika ziwa la Nakivale.

Kwa hiyo sikumwangalia mama yangu mapema. Yeye alikuwa amefika mbele. Alikuwa amechovya kidole, ameshika ncha ya kitenge chake tayari kupokelea.

"Muko bangapi mu nyumba?"

"Tuko batano," mama akasema haraka, kama alivyosema miaka yote tangu baba alipofariki.

Shemasi akaanza kuhesabu. Alipofika cha tatu, mama akamshika mkono. Aligeuka akamtazama yule mama wa gomesi, aliyekuwa anarudi kuketi na mkoba wake umevimba, halafu akamtazama mdogo wangu.

"Ngoja, shemasi," alisema. "Tuko bane."

Akapewa vinne.